Kimya cha Chuma Moto

Sisi watu wa Songea tumesubiri wageni rasmi maisha yetu yote. Shule ikijengewa choo kipya, watoto watabanwa na haja mlangoni mpaka mgeni rasmi aje akate utepe. Kisima kikichimbwa, maji yanatoka Jumatatu na kunywewa Ijumaa, kwa sababu mgeni rasmi ana ratiba. Nimeyaona haya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sijasahau hata moja. Kwa hiyo niliposikia kwamba Chuma Moto wanakuja kupiga Matogoro, na kwamba kutakuwa na mgeni rasmi, nilimwambia jirani yangu Lukresia, "Dada, bendi tutaiona. Muziki sijui."

"Wewe Isidori ukifika mbinguni utamdai Mtakatifu Petro kibali cha kushika funguo," akanijibu, mguu haujaacha kukanyaga cherehani.

Lukresia ni fundi wa nguo hapa Mfaranyaki. Ua wangu umetenganishwa na wake kwa michongoma tu. Ni mjane, na ni katibu wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna, ile jumuiya ndogo ya mtaani ya kusali nyumba kwa nyumba. Ukatibu ameushika miaka mingi mpaka jina la ubatizo limebaki kwangu na kwa paroko. Wauza mchicha, mafundi baiskeli, watu wa bodaboda, hata Waislamu wa mtaa wa pili ambao jumuiya haiwahusu, wote humwita Mama Katibu. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoleta yote.

Sasa niwaambie Chuma Moto ni nani, maana vijana wanadhani muziki wa nchi hii ulianza walipozaliwa wao.

Walikuwa vijana watano wa kiwanda kimoja cha kuyeyusha chuma huko Dar es Salaam. Mchana walimimina chuma kwenye kalibu, jioni walishika magitaa ya shirika la umma lililokimiliki, kwa kuwa siku hizo shirika lilikuwa na bendi yake kama lilivyokuwa na timu yake ya mpira. Bendi nyingine zilibembeleza. Hawa walipiga gitaa kama mtu anayekata bati. Wenyewe waliita rock, wazee wetu waliita kelele. Wimbo wao mkubwa ulikuwa "Tanuru", na kiitikio chake kila kijana wa hapa alikijua kutoka redioni:

Moto tumewasha sisi,
wanaota wao.

Mistari miwili basi. Lakini mtu aliyelima tumbaku ya watu, au aliyebeba magunia ya watu, hakuhitaji wa tatu.

Mwaka wa themanini na mbili wakaja Songea kwa lori, kupitia Njombe na Madaba, wakashuka weupe kwa vumbi kama waliotoka kwenye mashine ya kusaga. Walipiga kwenye ukumbi wa klabu ambao siku hizi ni ghala la mahindi. Tulijipanga tangu mchana. Mlangoni akasimama mtu, akasema ukumbi umejaa, ni kwa wenye kadi tu. Kadi gani? Kadi zilikwisha kugawanywa maofisini huko: kwa wakubwa, na wake zao, na mashemeji zao, na wengine ambao gitaa na jembe wasingevitofautisha. Wimbo wa watu waliowasha moto, wakaenda kuuota wao. Mpaka leo nikipita pale kwenye ghala natema mate.

Lukresia alikuwa na miaka kumi na minane, na gauni alilolishona mwenyewe kwa ajili ya siku ile. Tulibaki nje, sisi na umati, masikio tumeyabandika ukutani. Matofali yalikuwa yanatetemeka. Wimbo ulipokuja tukaimba na sisi, kwa nguvu zote, kwa hasira pia. Na hapo ndipo ilipotokea. Marcelino, mwimbaji wao, akaimba "Moto tumewasha..." na magitaa yote yakakatika. Ngoma ikakatika. Kimya. Sisi huko nje hatukujua kwamba tuache, tukamalizia wenyewe, "sisi!" Mara ndani watu wakalipuka: vifijo, miluzi, viti vinagongwa sakafuni. Kisha gitaa likarudi, "wanaota wao."

Lukresia alinishika mkono. "Wamefanya nini?"

"Nitajuaje? Ukuta huu hapa."

"Isidori, wamefanya kitu mle. Watu hawapigi kelele vile bila kuona kitu."

Redioni wimbo ule haukuwa na kimya. Ulikwenda moja kwa moja, Marcelino anaimba neno "sisi" mwenyewe, basi. Lakini baadaye ikatoka kaseti iliyorekodiwa mbele ya watu huko Mbeya, na humo kimya kimo: "Moto tumewasha..." halafu hakuna kitu, halafu umati unalipuka, halafu "wanaota wao." Lukresia aliisikiliza kaseti ile mpaka utepe wake ukawa unalia kama mbuzi. Kila aliyewahi kuwaona alimuuliza. Mmoja alimwambia pale Marcelino anaruka kutoka juu ya spika. Mwingine akasema anavua shati. Fundi saa wa sokoni aliapa kwamba anatafuna glasi. Binti yake Noela alimtafutia kwenye simu, akakuta nyimbo tu, zimewekewa picha ya gitaa isiyosogea.

"Anajikuna," mimi nilikuwa namwambia. "Amebanwa na upele siku zote, anangoja pale."

"Cheka wewe. Mimi nitakiona kabla sijafa."

Na kwa miaka mingi haikuelekea kwamba angekiona. Shirika liliuzwa, magitaa yakaitwa mali ya shirika, yakafungiwa stoo mpaka panya wakala nyaya zake. Wanamuziki wakatawanyika kama watu waliofukuzwa kwenye nyumba ya baba yao. Hakuna aliyeulizwa. Hakuna aliyejibu. Sasa, juzi juzi, wawili waliobaki hai, Marcelino na mpiga ngoma wao Henry, wakaokota vijana wa kuwasaidia, wakaanza kuzunguka tena. Gari la matangazo lilipopita Mfaranyaki na kutaja jina lile, Lukresia alijidunga sindano kidoleni.

Jumamosi ile mimi nilitangulia. Uwanja ule wa Matogoro, pale chini ya mlima, walikuwa wameupanga kama wanavyopanga siku zote. Mbele jukwaa. Mbele ya jukwaa hema jeupe, meza kuu yenye kitambaa na maua ya plastiki, kochi moja kubwa katikati kwa ajili ya mgeni rasmi, na viti kwa wenye bangili ya karatasi mkononi. Halafu kamba. Nyuma ya kamba, mbali, sisi. Hema lenyewe lilikuwa limeziba nusu ya jukwaa, kwa hiyo ukisimama nyuma ya kamba unaona kichwa cha Marcelino au miguu yake, uchague. Nilipoiona ile kamba damu ilinichemka. Miaka arobaini na zaidi, na kitu walichojifunza ni kubadilisha ukuta kuwa kamba.

Mshereheshaji alikuwa Remmy, mtu wa Tanga aliyeletwa na waandaaji, mpole, amevaa suti inayombana, hamjui mtu yeyote hapa mjini. Kila baada ya muda alipanda na kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, tuvumiliane kidogo. Mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Katibu Mtendaji wa Mfuko wa Sanaa, gari lake limepata hitilafu maeneo ya Madaba. Anatafuta usafiri mwingine, yuko njiani."

"Apande lori la viazi!" mtu akapiga kelele nyuma yangu.

"Waanze bwana! Yeye atakuta!"

"Hatuwezi kuanza kabla ya ufunguzi, ndugu zangu. Ni itifaki."

"Itifaki inaimba?"

Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kimechoka. Askari wawili walikuwa wamekaa kivulini. Kibali kilikuwa mwisho saa kumi na mbili jioni, kila mtu anajua, na jua lilikuwa halingoji itifaki. Pale jukwaani Marcelino alikuwa amekalia sanduku la spika, mzee mwembamba mwenye kofia ya pamba, gitaa mapajani, anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Henry alikuwa amelala nyuma ya ngoma zake. Nikasema moyoni, haya, yale yale. Wataondoka bila kupiga, na Lukresia atabaki na kaseti yake.

Mwenyewe alikuwa bado hajafika. Sala za jumuiya zilikuwa nyumbani kwa mama Eufrasia, na mama Eufrasia akishika maombi ya hiari huombea mpaka kuku wa majirani. Ndipo nikasikia honi langoni, mfululizo. Alikuwa Bashiru, mtu wa bodaboda wa mtaani kwetu, ambaye alimpakia Lukresia bado amevaa kitenge chake cha sare ya kina mama wa parokia, kilemba kimesimama, mkoba umekumbatiwa. Langoni watu walikuwa wamesongamana, na Bashiru akafanya anavyofanya kila siku pale Mfaranyaki.

"Pisheni! Pisheni njia! Mama Katibu huyo! Mama Katibu anapita!"

Remmy aligeuka kama aliyechomwa. Alishuka jukwaani akikimbia, suti inalia kwenye mishono, akafika langoni kabla pikipiki haijazimwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Pole sana na safari."

"Marahaba, baba," Lukresia akasema. Kwa kusikia lafudhi yake ya Tanga, alidhani huko kuna adabu kuliko kwetu. "Asante. Vumbi kweli."

"Na gari je?"

"Gari gani?"

"Usijali kabisa, Mheshimiwa. Mafundi watalishughulikia. Hukupaswa kupanda bodaboda, kwa kweli ni aibu yetu."

"Mbona mimi napanda kila siku?"

"Kiongozi wa watu!" Remmy akawageukia wenzake, macho yamelowa. "Mnaona? Huyu ndiye kiongozi wa watu!"

Hapo Lukresia akaanza kuelewa. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka pale, nilimwona uso unavyobadilika. Na ninataka iandikwe kwamba alijaribu. Alisimama, akasema wazi, "Baba, subiri. Mimi ni Katibu wa jumuiya."

"Ndiyo, mama!" Remmy akamshika kiwiko kwa heshima zote. "Jumuiya nzima inakusubiri!"

Akaniangalia juu ya bega la Remmy. Mbele yake kulikuwa na kochi, na mbele ya kochi jukwaa zima, wazi, bila ukuta, bila hema, bila kamba. Nikamfanyia ishara ya mkono: nenda. Akaenda. Watu wa meza kuu wote wakasimama.

Bashiru alibaki na kofia ngumu mkononi. "Mzee Isidori, wamempeleka wapi?"

"Meza kuu."

"Kuna sala?"

"Kaa kimya, Bashiru. Leo usitaje jina la mtu tena."

Wakamfungulia maji ya chupa. Wakamsogezea maua. Remmy akapanda, akasema maneno mengi kuhusu unyenyekevu na bodaboda, kisha akamkaribisha Katibu awahutubie wananchi na kufungua tamasha rasmi. Lukresia akapewa kipaza sauti. Nyuma ya kamba, watu wa Mfaranyaki walikuwa wameanza kumtambua. Nilisikia mwanamke mmoja akisema, "Si Mama Katibu yule aliyenishonea sketi?" na mwenzake akamziba mdomo. Habari ikasambaa kwenye kamba nzima kwa minong'ono, na hakuna hata mmoja aliyepayuka. Watu wa Songea tuna kasoro zetu, lakini siku hiyo niliwapenda.

"Tumsifu Yesu Kristo," Lukresia akaanza kwa mazoea.

"Milele, amina!" uwanja ukajibu, na Remmy naye.

"Mimi si mtu wa hotuba. Bendi imesubiri, na sisi tumesubiri toka mwaka wa themanini na mbili. Pigeni."

Nimehudhuria mikutano mingi kuliko nywele nilizobakiza, sijawahi kusikia hotuba ya mgeni rasmi fupi kama ile. Kelele zilizopigwa nyuma ya kamba zilirudishwa na mlima. Lakini alikuwa hajakirudisha kipaza sauti. Alikishika kwa mikono miwili.

"Ila nina ombi moja kwa bwana Marcelino. Mtakapofika kwenye 'Tanuru', pale penye kimya. Nimekisikia miaka yote, sijawahi kukiona. Leo nataka nione mnafanya nini pale."

Marcelino aliweka chini kifuniko cha chai. Alimtazama yule mama wa kilemba kwenye kochi la wakubwa.

"Kwa hapo ulipokaa, Mama Katibu," akasema, "sidhani kama utaona vizuri."

Watu wa meza kuu wakacheka kwa adabu. Lukresia hakuelewa. Mimi pia sikuelewa, nikadhani ni maneno ya wasanii. Kisha Henry akaamka, akagonga vijiti, na Chuma Moto wakaanza.

Sitawadanganya kwamba sauti ya Marcelino ni ile ile. Imekwaruzika, pale juu haifiki tena, anapaacha. Lakini gitaa! Gitaa lilitoka kwenye spika likatupiga kifuani, na wanaume wazima waliokuja kuangalia tu wakajikuta wanatingisha vichwa kama wanaokubali kosa. Mimi sikuwa naangalia jukwaa sana, nilikuwa naangalia mgongo wa Lukresia. Wimbo wa kwanza alikaa kama yuko kwa daktari wa meno. Wa pili, mabega yakaanza. Wa tatu akasimama. Na kwa kuwa mgeni rasmi akisimama hakuna wa kukaa, meza kuu nzima ikasimama. Akaanza kucheza, wakaanza kucheza. Wale waheshimiwa walikuwa wanamtazama kwa jicho la wizi, mguu gani kwanza, wasije wakakosea itifaki. Bashiru alicheka mpaka akakaa chini.

Wimbo wa nne ulikuwa katikati gari liliposimama langoni, gari la kukodi lenye vumbi la Madaba mpaka kwenye vioo. Akashuka mama mmoja wa makamo, miwani, amechoka, simu sikioni. Msaidizi wake akamwambia kitu Remmy. Nilimwona Remmy akiangalia yule mama, akiangalia kochi, akiangalia tena yule mama. Rangi ilimtoka.

Yaliyosemwa pale Lukresia alinisimulia baadaye. Remmy alifika ameinama kama anayepita mbele ya altare.

"Mama. Samahani. Wewe ni Katibu wa nini?"

"Wa Jumuiya ya Mtakatifu Anna, baba. Nilikuambia."

"Mungu wangu."

"Hawajapiga 'Tanuru' bado. Niache wimbo mmoja tu. Nitakaa hata chini, hapa pembeni."

"Mama, hapa pembeni ni wakurugenzi. Mama, nina wiki ya pili kazini. Nitafukuzwa leo leo."

Anasema alimtazama yule baba wa watu, akaona kola imelowa jasho. Angeweza kugoma. Mimi ningegoma, ningetaka waje askari wanibebe na kochi lenyewe. Yeye alichukua mkoba wake na ile chupa ya maji, akamwambia, "Haya, baba, usilie," akatoka. Alipita katikati ya wale waliokuwa wakicheza naye sasa hivi. Hakuna aliyemtazama.

Akainuliwa kamba, akaingia kwetu. Watu walimpigia makofi, lakini yeye hakuyasikia.

"Wamenirudisha ukutani," akaniambia.

Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kukata ile kamba kwa meno. Yeye akanishika mkono kama mwaka ule, tena ule ule wa kushoto.

Na muziki ukasimamishwa. Ilibidi tamasha lifunguliwe upya, maana ufunguzi wa kwanza haukuwa rasmi. Wimbo wa taifa. Utambulisho wa meza kuu, mmoja mmoja, pamoja na yule ambaye hakuweza kufika lakini ametuma salamu. Kisha hotuba. Yule mama hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. Aliomba radhi kwa kuchelewa, sauti imekauka kwa vumbi. Ila alikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa na kurasa, na kila ukurasa ulikuwa na fursa kwa vijana. Ubaridi wa mlima ulianza kushuka. Lukresia hakuwa akimsikiliza, alikuwa akiangalia askari. Mmoja alisimama kivulini, akajipukuta suruali, akaangalia saa.

Karatasi ilipoisha, askari alikuwa amefika ngazi za jukwaa. Alimwonyesha Remmy mkono wenye saa. Remmy akamwendea Marcelino, wakanong'ona. Marcelino akasogelea kipaza sauti.

"Afande, ninaomba wimbo mmoja. Nina deni nao hapa Songea."

Hakungoja jibu. Akapiga gitaa, ule mwanzo wa "Tanuru" ambao hata ukiwa kaburini utaujua, na uwanja wote ukajua. Askari akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akakunja mikono. Kijana wa hapa hapa huyo, mama yake alikuwa nyuma ya kamba.

Lukresia alianza kuhangaika. Hema lilikuwa limeziba. Akisimama kwa vidole anaona kofia, akiinama anaona viatu. "Simwoni. Isidori, simwoni! Kitapita na sitakiona!" Bashiru, aliyekuwa ameegesha pikipiki yake hapo karibu, akampandisha juu ya kiti chake, akaishika isiyumbe. Kilemba kikaonekana juu ya vichwa vyote.

Kiitikio kikafika. Marcelino akaimba, "Moto tumewasha..."

Magitaa yakakatika. Ngoma ikakatika.

Kimya.

Marcelino alikuwa ametembea mpaka ukingoni kabisa mwa jukwaa, nje ya hema. Hakuruka. Hakuvua shati, hakutafuna kitu. Aliinua mkono na kunyoosha kidole. Kidole kilipita juu ya kochi, juu ya maua ya plastiki, juu ya wakurugenzi na bangili zao, kikavuka kamba, kikasimama juu yetu sisi.

"Sisi!" watu wakapiga kelele. Hata hawakufikiri. Neno lilikuwa limeachwa wazi pale, na ni letu.

Meza kuu yote iligeuza shingo kutazama nyuma, pamoja na yule mama wa miwani. Ilikuwa ni mara ya kwanza siku ile kwa wao kututazama. Na ndani ya kelele zile gitaa likarudi, "wanaota wao."

Lukresia peke yake hakupiga kelele. Alikuwa amebaki mdomo wazi, chupa ya maji kifuani, anakitazama kile kidole mpaka kiliposhuka.

Marcelino hakuachia wimbo. Aliipunguza sauti ya gitaa, akasema juu yake, polepole, kama anayezungumza barazani. "Kimya hiki hatukukitunga. Tulikipata hapa hapa. Tulikuwa ndani ya ukumbi tunawapigia watu waliokaa, na nje ya ukuta kuna watu wanaimba kuliko sisi wenye vipaza sauti. Nikakata gitaa ili niwasikie. Nikawaonyesha wale wa ndani ukuta kwa kidole: hao, wasikilizeni hao. Tangu siku ile, mji wowote tukipiga, neno lile siliimbi mimi."

Kisha akamtafuta kwa macho, akakiona kilemba juu ya pikipiki.

"Sasa umekaa pazuri, Mama Katibu."

Wimbo ukapanda tena, kiitikio kikarudi kwa mara ya mwisho, "Moto tumewasha..." na kidole kikaja. Safari hii Lukresia hakuchelewa. Nimemsikia akisoma matangazo ya jumuiya, akigombana na wachuuzi, akimlilia marehemu mumewe. Sikuwahi kujua ana sauti ile. Alipiga "sisi!" kwa nguvu mpaka Bashiru akaiachia pikipiki, na ikabidi tumdake mimi na mama mmoja wa mchicha.

Halafu saa ikafika, spika zikazimwa, wakubwa wakaingia kwenye magari. Tulikuwa bado tumesimama pale. Remmy alikuja akikunja kamba, anaizungusha kwenye kiwiko, koti la suti amelivua. Alipofika mbele yetu akasimama, akatafuta pa kuweka macho.

"Shikamoo, Mama Katibu."

"Marahaba, baba. Wamekufukuza?"

"Bado."

"Basi njoo Jumatatu nikupime. Suti hiyo imekubana, utapasuka."

Alicheka, akaendelea na kamba yake. Lukresia akafungua chupa ya maji, akanywa, akanipa, nami nikampa Bashiru. Nilimwona anageuka kutazama jukwaa tupu.

"Isidori," akasema. "Siku ile, kumbe tulikuwemo."